Viazi vya Barazani

Mwaka jana uozo uliingia shambani kimyakimya. Ukilivuta shina la kanthal, ua linalolimwa kwa ajili ya mbegu zake, lilikuja mkononi peke yake, kiazi kimebaki ardhini kama uji. Ponnuthayi hakutaka kuyaona tena hayo. Viazi vichache vilivyosalia ndivyo tegemeo la nyumba, maana mbegu za maua hayo wanunuzi wa viwanda vya dawa ya jongo huzifuata hadi kijijini.

Bwana shamba alimwelekeza: unga wa ukungu mwema achanganye na maji ya wali na sukari guru kidogo, achovye viazi, kisha avianike kivulini. Jua huua ukungu ule kabla haujaanza kupigana na ule mbaya. Kidogo, alisema. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ponnuthayi akatia bonge zima la sukari.

"Siku hizi unaupikia ukungu uji mtamu wa payasam?" mama mkwe wake, Karuppayi, alimtania. "Mumeo mwenyewe sikumlisha hivyo."

"Ndiyo maana kakonda, mama."

Kivuli cha kutosha kilikuwa barazani tu. Miaka yote viazi hivyo vilikaa darini, kwa kuwa hakuna asiyejua sumu yake: ukivila asubuhi huoni kitu, inakungoja jioni. Ponnuthayi alivitandaza juu ya gunia, akasema, "Mama, niangalizie Yazhini," akaenda kisimani. Yazhini, bintiye wa miaka minne, hakuna kitamu kilichompita.

Aliporudi, ua wote ulinukia sukari guru. Karuppayi alikuwa jikoni akipepeta mchele. Kwenye gunia, kiazi kimoja kilikuwa kimelambwa hadi kikawa cheupe, na ncha yake haikuwepo.

"Mama, nani kagusa hivi viazi?"

"Nani aguse? Mbuzi huyo."

"Mbuzi kafungwa, kamba haifiki huku."

Ungo ukanyamaza. Ponnuthayi akazunguka nyuma ya nyumba na kumkuta Yazhini akimlaza mwanasesere wake, midomo inang'aa.

"Amma, sijakimaliza," mtoto aliwahi kujitetea. "Juu kitamu, ndani kichungu. Nikatema."

"Ulitema chote?"

Yazhini akafikiri. "Kidogo kilishuka."

Karuppayi alifika akihema, akamshika mjukuu wake paji la uso, akacheka kicheko cha woga. "Mtazame, hana kitu huyu. Hana homa, halii. Mpe maziwa alale."

Ponnuthayi alimnyanyua mtoto, akakimbia peku kuelekea barabara ya hospitali, akimpigia kelele mumewe aliyekuwa shambani alete pikipiki. Kila hatua alijilaani kwa lile bonge la sukari. Yazhini alimkumbatia shingo na kucheka, akidhani wanacheza. Afadhali angelia.