Mkia wa Kuunga

Tangu kulipokucha Xiulin hakutulia mahali pamoja. Alikoroga uji wa mtama, akauacha. Akafagia ua uliojaa magunzi ya mahindi, akaufikisha nusu. Akaingia ndani kulitazama begi lililokuwa juu ya kitanda cha matofali, akatoka tena.

Begi lilikuwa limefungwa tayari. Kama Mwalimu Fei wa jumba la makumbusho asingeridhika leo, basi la mchana lingempeleka mjini Dalian kushona makoti kiwandani, huko huko mumewe alikokuwa akichomelea meli, na Doudou, binti yao wa miaka mitatu, angebaki na babu yake mpaka mwaka mpya. Akiridhika, Xiulin angepata kiti katika chumba cha kusafishia mawe, nusu saa tu kwa baiskeli kutoka nyumbani.

Waombaji walikuwa watatu. Kila mmoja alipewa bamba la jiwe lenye mifupa ya ndege wa zama za dinosaria, na siku thelathini za kumtoa humo. Ndege wa Xiulin alikuwa na ukubwa wa njiwa, mwenye kucha kwenye mabawa, na bamba lake lilikuwa limekatika upande wa mkiani. Alimchokoa kwa sindano, chembe kwa chembe, Doudou akimsinzilia pajani. Jana jioni ndipo alipoufikia mwisho wa uti wa mgongo: kisiki kifupi cha mfupa, mfano wa ncha ya jembe. Akalifunika bamba kwa mfarishi wa mtoto, akaenda kulala.

Sasa aliufunua mfarishi, na ndege alikuwa na mkia.

Mkia mrefu, vifupa vyake vimefuatana kama shanga uzini, umeungwa hata mshono hauonekani. Kisiki kilikuwa kimezama chini ya unga wa jiwe uliokandwa na gundi.

Baba mkwe wake, Mzee Luan, alikuwa kizingitini akivuta kiko. Hakuna aliyehitaji kuulizwa. Miaka ishirini wachuuzi walimletea ndege vipande vipande, naye akiwarudishia wazima, na kijiji kizima kilimsifu kwa mkono huo.

“Nimekusaidia, mama Doudou,” alisema. “Ndege asiye na mkia nani atamtazama?”

“Baba, huyu hakuwa na mkia wa hivi.”

“Ulikuwepo?”

Xiulin alimweleza yale aliyojifunza kwenye masomo ya jioni: kwamba ndege wa mwanzo kabisa walirithi mkia wa mifupa kutoka kwa dinosaria waliowazaa, na wengine wakaupunguza kizazi baada ya kizazi hadi kikabaki kisiki cha kushikia manyoya. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kisiki hakimpi mtu kazi.

Kuiyeyusha gundi kulitaka nusu siku, na saa nne, saa ya Mwalimu kufika, ilikuwa inakaribia. Tena kazi ya mzee ilikuwa safi; huenda Mwalimu asingeona kitu. Alimtazama Doudou aliyekuwa akimvalisha kuku kofia yake, akalitazama begi, akalirudia bamba. Pikipiki ikaunguruma langoni.

Mwalimu Fei aliinama na kioo chake cha kukuzia kwa muda mrefu. Akasema katika wote watatu huyu ndiye kamili zaidi. Mzee Luan akakohoa kwa furaha.

Xiulin alichovya kidole kwenye bakuli la maji, akadondosha tone juu ya bawa. Jiwe likalinywa. Akadondosha jingine kwenye maungio ya mkia. Tone likakaa pale pale juu ya gundi, linang’aa.

“Kuanzia hapa si wake,” alisema.

“Nani aliuunga?” Mwalimu akauliza.

Xiulin aliangalia chini. Kumtaja baba mkwe mbele ya mgeni hakukumjia ulimini.

“Mimi,” Mzee Luan akajibu kutoka kizingitini. “Mkono wa huyu haujui kudanganya. Nimemfundisha, hashiki.”

Mwalimu Fei hakucheka. Alivuta kigoda, akasema utolewe sasa, yeye akiona. Basi Xiulin alikaa, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akapaka dawa ya kuyeyushia gundi kwa brashi ya nywele tatu, akasubiri, akachokoa. Nje basi la mchana lilipiga honi kilimani, likapita. Kisiki kikarudi, kizima. Na chini ya unga wa mzee, mahali sindano ya Xiulin haikuwa imefika jana, kutoka kisikini hadi ukingo uliokatika, ikajitokeza mistari miwili myeusi, myembamba: manyoya mawili marefu.

“Kumbe alikuwa nao,” Mzee Luan akanong’ona. Kiko kilikuwa kimemzimikia.

Aliomba arudishiwe mkia wake. Mwalimu akamkatalia, akaufunga kwenye pamba. Huo nao, alisema, una mwenyewe, ndege mwingine, na huenda ni wa kale kuliko huyu. Ghalani kwake kulikuwa na makreti ya ndege walioungwa na mafundi wa zamani. Je, mzee angeweza kuitambua kazi ya mkono wake?

“Nikiiona tu.”

“Basi Jumatatu saa mbili njoo na mkweo. Yeye atakuwa na kiti chake. Wewe tutakutafutia kigoda.”

Pikipiki ilipoondoka Xiulin aliingia ndani. Doudou alikuwa ameshalifungua begi, amemtia kuku.