Pumzi ya Silinda ya Nne

Mansur wa duka la misumari pale Voi alikuwa na ulimi mtamu na gari bovu, na kwa miaka mingi aliutumia ule ulimi kulisifia lile gari. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza alilorithi kwa babake, lenye mgongo wa mviringo, na kuku walikuwa wakitagia kiti cha nyuma. Injini ilikuwa imefumuliwa, vyuma vyake vimelala kwenye karai tangu enzi za uhai wa marehemu mkewe. Lakini ungemsikia Mansur akilisimulia, ungedhani ametoka nalo Mombasa asubuhi hiyo hiyo.

Aliyechoka kuyasikia hayo ni Bi Saadiya, mjane mwenye shamba la ndizi kule Mata, karibu na mpaka. Hakupenda maneno mengi, na Mansur alimpenda kufa. Kila alipokwenda kumtembelea alimhadithia gari, na kila alipokwenda alishushwa na lori la vitunguu, kanzu yake inanuka mzigo. Agosti ile ya mwaka wa tisini na tatu, Saadiya alimkata kauli.

"Bwana Mansur, kuna mtu wa Arusha ameniposa, na Jumapili yuaja kuchukua jibu. Wewe njoo Jumamosi. Uje na hilo gari lako, lifike langoni kwangu kwa nguvu zake lenyewe, na kile kitambaa nilichokudarizia kiwe mfukoni. Ukiweza, tutazungumza. Usipoweza, nitajua ulikuwa ukinipotezea wakati."

Ndipo Mansur alipomkimbilia Elijah, rafiki yake wa kutoka Mghange, fundi aliyestaafu karakana ya reli na mzee wa kanisa. Wakaunga injini wiki nzima, wakibishana na kunywa chai. Ijumaa alasiri ilibaki kazi moja tu: kufunga manifoldi mbili, yale mabomba yenye matawi, ubavuni mwa injini, ile ya kuvutia hewa na petroli kutoka kwenye kabureta, na ile ya kutolea moshi. Zote hukaa upande mmoja, juu ya gasketi moja ya kuziba mwanya, na nati zile zile huzibana pamoja, kwa hiyo ukikosea moja umekosea zote.

Elijah alikuwa na sheria zake. Spana haishikwi kabla ya sala, naye hakuwa mtu wa sala fupi. Midomo ya injini, yale matundu yanayofunikwa na manifoldi, haiachwi wazi hata kidogo, maana nati ikitumbukia humo ni kufumua upya, kwa hiyo kila mdomo uzibwe kwa tambara. Na sheria kuu, ambayo aliitamka kwa sauti ya mimbarini, ilikuwa kwamba aliyeziba ndiye azibue.

"Ukiweka tambara yako, utoe mwenyewe," alisema. "Mimi sitoi tambara ya mtu. Kule reli tuligombana sana juu ya hiyo maneno."

Alikuwa keshaziba midomo yote ila mmoja, wa kuvutia hewa ya silinda ya nne, matambara yakamwishia. Na upepo wa Voi unavyojua kuchagua wakati! Vumbi jekundu lilinyanyuka upande wa Ndara, likaja mbio kana kwamba limeitwa. Elijah alikuwa ameikumbatia manifoldi kwa mikono miwili.

"Ziba, bwana! Ziba!"

Mansur akatia mkono mfukoni, akachomoa alichokipata, akakisukuma kwa kidole ndani ya mdomo ule uliobaki wazi mpaka kikapotea. Kilikuwa kitambaa cha Saadiya, cheupe, chenye ua la asumini pembeni. Roho ilimsuta kidogo, lakini alijiambia ni kwa muda tu. Vumbi halijatulia, adhana ya alasiri ikalia, naye akaenda zake kutawadha.

Elijah alimheshimu sana mtu aliye katika sala. Akaona amfanyie hisani, arudi akute kazi imekwisha. Akatoa matambara yake, akayahesabu, yakatimia. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani ndani ya kitabu cha nyimbo. Akapachika gasketi, akazipandisha manifoldi kwenye bolti zake, akakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, huku akiimba pambio. Mansur aliporudi alikuta zimebana hata wembe haupiti. Alimkumbatia rafiki yake kwa furaha, na kitambaa kikamtoka akilini kabisa.

Jumamosi gari liliwaka, lakini liliwaka kwa kinyongo. Lilitetemeka, likakohoa, likatulia, likakohoa tena.

"Itazoea," Elijah alisema. "Imelala sana."

Halikuzoea. Kwenye mlima wa Bura, Mansur amekanyaga mafuta mpaka chini, bibi mmoja aliyejitwika kuni aliwafikia, akawapa pole, akawapita. Huko Maktau gari lilipiga mshindo hata ndovu wakaacha barabara. Jasho lilimtiririka Mansur, akataka kujifuta, akapapasa mfuko wa kanzu. Akapapasa wa koti. Akapapasa hata soksi.

"Umepoteza nini?" Elijah aliuliza.

"Maisha yangu."

"Hiyo utapata mbele. Shika usukani."

Gari lilikata roho hatua chache kabla ya lango la Saadiya. Mwenyewe alikuwa amesimama papo hapo, amejitanda leso, mikono kiunoni.

"Limezima," alisema.

"Limezima," Mansur akakiri.

"Na kitambaa?"

Mansur alitazama viatu vyake. Ule ulimi wake wote ulikuwa umemkauka. "Nimekipoteza, Bi Saadiya, wala sijui wapi. Nakupenda, na nimekuja na gari bovu na mfuko mtupu. Sina jingine la kusema."

Aliyejibu ni Elijah, na alijibu kwa hasira.

"Ngojeni kwanza! Hii gari nimefunga mimi. Kama iko na makosa, nitaiona hapa hapa mbele ya mama."

Ilibidi wangoje vyuma vipoe, na Saadiya, ambaye hata akiudhika hasahau adabu ya wageni, akawaletea kahawa. Kisha Elijah akaomba kuazimwa miwani. Saadiya akampa yake ya kudarizia. Fundi akaivaa, akafungua nati, akazivuta manifoldi, akachungulia mdomo mmoja baada ya mwingine. Kwenye ule wa silinda ya nne aliganda.

"Kuna kitu imelala huku."

Akaingiza koleo, akavuta. Kikatoka kitu cheusi kinachonuka petroli. Alikikunjua taratibu, na kwenye pembe, ua la asumini lilikuwa bado linaonekana. Elijah alikigeuza huku na huku, kisha akamtazama rafiki yake.

"Hii tambara si yangu," alisema.

Mansur alitamani ardhi ipasuke immeze. Saadiya alikipokea kitambaa chake kwa vidole viwili.

"Yaani limevuka mbuga nzima limezibwa pumzi na kazi ya mikono yangu?"

"Ndiyo, mama."

Saadiya aliuma mdomo. Ukamshinda. Alicheka mpaka leso ikamwanguka mabegani, akacheka na machozi yakamtoka. "Haya, lifungeni," alisema alipopata sauti. "Lakini safari hii natazama mimi." Na kweli, gasketi haikurudi mahali pake mpaka alipochungulia kila mdomo.

Injini iliwaka kwa silinda zote nne, ikaimba vizuri hata Elijah akavua kofia. Lakini mguu wa Mansur ulikuwa umezoea kukanyaga mpaka chini tangu Voi, nao ukakanyaga. Gari likaruka, likazimaliza zile hatua kwa pigo moja, likagonga mwimo wa lango na kukwama katikati, pua ndani, mkia nje. Halikwenda mbele wala nyuma.

"Nitalitoa sasa hivi," Mansur alisema kwa sauti ndogo.

"Aliyeziba ndiye azibue," Elijah alisema.

Saadiya alilitazama lile gari lililojaa langoni mwake, halafu akalitazama tena.

"Mtu wa Arusha yuaja kesho, na lango langu ni hili moja," alisema. "Liacheni hapo hapo mpaka Jumatatu."

Kisha akakikunja kile kitambaa cheusi, akakitia mfukoni mwa kanzu ya Mansur, akaingia ndani kuwasha jiko.