Saba ya Chumba Kingine

Kwa nini feni iliyopeleka hewa chini ya duara, shimo la dhahabu la mzee Waitara, ilizimika kila Akech alipofika adhuhuri kupokea mifuko ya mawe? Mwanafunzi huyo wa kompyuta, aliyekuja Nyamongo kwa mafunzo ya vitendo, hakuwa na jibu bado. Wengine walikuwa nalo tele. Mwanamke akisogelea mdomo wa shimo, walisema wachimbaji, dhahabu hukimbia. Sasa hata hewa ilikuwa imejifunza kukimbia.

"Nenda ukapike, dada," alisema Kisyeri, kiongozi wao, aliyekwisha kupandishwa kwa kamba mara mbili akihema kama ng'ombe wa jembe. "Tukifia chini, utatulilia kwa Kijaluo?"

Mchochezi alikuwa Machage, msimamizi wa mashine, aliyesomea kompyuta wiki mbili Migori akarudi akiitwa Mhandisi. "Mkosi hautibiki kwa kibodi," alitamka, akinyoosha tai yake. Tai, katika vumbi lile!

Akech alimeza hasira, akafungua kumbukumbu za kompyuta iliyoendesha feni. Ndani mlikuwa na vyumba viwili visivyoonana: kimoja cha programu ya feni, kingine cha programu ya kuhesabu mifuko. Kila chumba kilizipa programu zake namba kuanzia moja, kana kwamba hakuna chumba kingine duniani. Feni ilikuwa saba chumbani mwake. Kihesabu nacho kilikuwa saba chumbani mwake. Na kila adhuhuri, mifuko ilipofurika, kihesabu kiliganda, kama sasa.

Aliwaomba wachimbaji wote wapande wale ugali kwanza. Kisha akavuka barabara, akasimama kwenye kituo cha bodaboda, mbali na shimo.

"Mhandisi! Kihesabu kikiganda unafanyaje?"

"Swali la mtoto! Natazama namba yake, naizima, kinaanza upya."

"Basi kizime. Mkosi uko huku ng'ambo."

Machage alichungulia chumba cha kihesabu, akasoma saba. Kisha akarudi kwenye dirisha la skrini aliloliacha wazi siku zote, la chumba cha feni, akaamuru saba izimwe. Feni ikanyamaza. Kihesabu kikabaki kimeganda vilevile.

"Saba ni saba!" alijitetea.

"Ukitumwa kumkamata Marwa mwizi wa kule Kemambo," Akech aliuliza akirudi, "utamfunga pingu Marwa yeyote uliyekaa naye sebuleni?"

Kisyeri alimgeukia Machage. "Kumbe ni wewe uliyekuwa unatunyonga, bwana?"

Akech aliwasha feni, akafuta ruhusa ya Machage kwenye kompyuta. Mzee Waitara alikohoa. "Binti yangu, yaishe. Huyu ni mtoto wa dada yangu. Hatarudia."

"Nakuheshimu, mzee," alisema Akech, akiwageukia wachimbaji ili nao wasikie. "Lakini Machage hataigusa tena mashine hii. Leo hashuki mtu mpaka niijaribu feni hadi jioni. Na mzee akimrudishia ruhusa, nitawaambia ninyi nyote msishuke."