Mstari wa Chini wa Pakiti

Krii, krii. Panya alikuwa akiguguna mfuniko wa ndoo ya unga, gizani, hatua mbili tu kutoka kitandani. Wangeci alisikiliza, mkono wake juu ya mgongo wa binti yake, Becky. Kisha nje, kwenye stoo ya zamani ya kahawa, bundi akalia, mlio mkavu kama kitambaa kinachoraruliwa. Panya akanyamaza.

"Asante," Wangeci akanong'ona.

Asubuhi shemeji yake, Kiama, aliingia uani na kiberiti na chupa ya mafuta ya taa.

"Mama Becky, leo hao ndege wanahama. Baba yuko hospitali Thika wiki ya pili, na hilo lidudu linamwita kila usiku."

"Linamwita nani? Linatafuta panya."

"Wee! Ndundu, bundi huyo, akililia boma, mtu anaenda. Uliza mtu yeyote hapa Kalimoni."

"Na panya wakimaliza mahindi, tutaenda wote, tena kwa njaa."

Kiama akacheka bila kutaka. Wangeci akaishika ile chupa. "Nipe hadi Jumamosi. Mzee akirudi nyumbani, hutawagusa tena."

"Jumamosi tu. Na chupa yangu unirudishie, mafuta siku hizi si maji."

Jioni hiyo alimpeleka Becky, mwenye miaka sita, hadi mlango wa stoo. Juu ya boriti makinda matatu meupe yalikuwa yakiyumba na kuzomea. Alimwonya mtoto asiwamulike na tochi, na asiwaambie wavulana wenye manati.

Lakini panya walikuwa wengi kuliko tumbo la bundi. Jumatano Wangeci alinunua sumu ya buluu kwenye agroveti, duka la dawa za mifugo na mimea. Alisoma pakiti kwa macho ya mama: maneno kuhusu watoto aliyasoma mara mbili. Akaichanganya na ugali, akaiweka juu kabisa ya kabati, mkono wa Becky usifike. Chini ya maneno hayo kulikuwa na mstari mwingine, wa herufi ndogo. Hakufika huko.

Ijumaa, mchana kweupe, panya alikatiza ua akipepesuka.

"Kiama, ona huyu," Wangeci akaita. "Ametoka Kamakis kwa nyama choma na bia!"

Wakacheka wote wawili, panya akajikokota hadi kwenye nyasi za stoo.

Jumamosi teksi ilimshusha Mzee Githae langoni, amekonda, akidai chai yenye maziwa mengi. Kiama akainua mikono. "Haya, Mama Becky, umeshinda. Ndundu wako wakae."

Wangeci alimshika Becky mkono, wakakimbilia stoo. Bundi mama alikuwa chini, mabawa wazi, damu imeganda mdomoni. Hakuwa na jeraha lolote. Mkia wa panya ulining'inia kwenye mdomo wake.

"Mimi sijagusa!" Kiama alisema nyuma yao. "Mbele ya Mungu, sijagusa."

"Najua."

Aliitoa pakiti kwenye takataka, akausoma ule mstari. Panya aliyekula hafi mara moja. Mnyama au ndege atakayemla anaweza kufa pia. Okota mizoga, uifukie. Wangeci akakaa chini palepale, kwenye majivu na maganda ya viazi. Kiama alikuja na moto na akazuilika. Yeye Wangeci, nani angemzuia?

Becky ndiye aliyemvuta sketi. Akainuka. Akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akaondoa ugali wote wa sumu, akafukia panya aliowaona, akimweka mtoto mbali. Akapiga simu kwa watu wa wanyamapori. Sauti ikamwambia: watieni makinda kwenye boksi, mahali penye joto na giza, msiwape chochote, tunakuja. Na mahindi muweke kwenye mapipa ya chuma yenye vifuniko; kwa panya mtumie mtego.

Kiama ndiye aliyepanda ngazi hadi kwenye boriti. Alishuka polepole, koti lake limekunjwa kifuani.

"Baridi," alisema, akiweka kinda la kwanza majanini. La pili vilevile. La tatu alilitia ndani ya boksi, akageuka pembeni akijifuta uso.

Wangeci hakuthubutu kuchungulia. Becky akapiga magoti, akaingiza kidole kimoja kwenye manyoya, akainamisha sikio.

"Mama, huyu anapumua."