Marehemu Waliopanga Safari ya Yoti

Katika kisiwa chote cha Carriacou, kule Karibi, toka Windward hadi L'Esterre, hajazaliwa mwanamke wa kumshinda Idalia Quashie kwa kuogelea. Habari hiyo ni ya uhakika, kwa kuwa aliyeitoa ni Idalia mwenyewe, kwa wino wa buluu, akiwa amekaa jikoni kwake, miguu mikavu kabisa.

Aliitoa kwenye barua. Binamu yake Clorinda alihamia Uingereza, mji wa Huddersfield, akiwa bado kijana, akakaa huko miaka arobaini na mmoja akikunja mashuka ya hospitali. Kila mwezi Idalia alimwandikia. Sasa mtu aliyebaki kisiwani atamwandikia nini mtu wa Ulaya? Kwamba mbuzi kala shimizi? Hiyo aliiandika, ikapendeza, lakini mbuzi hawezi kula shimizi kila mwezi. Ndipo Idalia akaanza kutia chumvi, kidogo kidogo, kama anayeonja mchuzi. Akaandika kwamba kila Jumapili baada ya misa anavua gauni la kanisani, anajitosa baharini, anaogelea mpaka kwenye matumbawe ya Sandy Island, anawatazama samaki kwa raha zake, na anarudi chungu hakijaiva.

Kwa kweli bahari na Idalia walifahamiana mpaka magotini tu. Juu ya hapo walikuwa hawajajulishana.

Basi Clorinda akastaafu, akarudi. Akajenga nyumba kilimani yenye baraza pana kama kiwanja cha kriketi, na alipokaribia kutimiza miaka sabini, akamwita Idalia barazani. Idalia alimkuta na Nahodha Desmore, mtu wa mabega kama mlango, kofia kaiweka gotini.

“Nimekodi yoti,” akasema Clorinda. “Nzima! Kutwa nzima! Watu wa nyumbani tu, mtalii hata mmoja simtaki.”

“Yoti ya nani?”

“Ya huyu hapa. Jumamosi asubuhi tunatoka Hillsborough, tunatia nanga Sandy Island, tunaingia majini na miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, tunawaona hao samaki zako. Miaka arobaini na mmoja nakunja mashuka nawaza siku hiyo tu. Na wewe ndiye utakayenishika mkono.”

“Mimi?”

“Sasa nani, padri? Mimi sijui hata kuelea, Idalia. Lakini nikiwa na wewe, sina hofu ya kitu. Barua zako zote ninazo sandukuni.”

Maji yalimtisha Idalia, ndiyo, lakini sanduku lilimtisha zaidi. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na hakimu wa St. George's aliyemposa mara mbili akamkataa mara mbili. Mlikuwa na papa wa baharini aliyepigwa ngumi na Idalia. Mlikuwa na askofu aliyeomba kufundishwa kupika keki. Uongo wa barua ni kama fulana ya kufuma, ukivuta uzi mmoja, kifua chote kinabaki wazi. Na tena, hapa duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyeamini kila neno la Idalia, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake anatabasamu.

“Nitakushika mkono,” akasema. “Mbona jambo dogo?”

Nahodha Desmore akakohoa. Yoti yake, Evelina, ilifungwa miaka yote mbele ya ule ufuko ambapo kila Jumapili Idalia alipandisha sketi yake na kuishia magotini. Lakini alikuwa mtu wa adabu, na kila Krismasi Idalia alimpelekea keki nyeusi ya ramu, kubwa kuliko ya padri.

Idalia akaanza kuipanga safari. Shabaha yake ilikuwa moja: watu waende, wale, warudi wakavu.

Kwanza alijaribu chakula, maana aliyeshiba haingii majini. Akasoma orodha: shelisheli la kuchemshwa kwa nazi na ng'onda, pilau ya mbaazi na kuku, sima ya mahindi ya kuviringwa, mkia wa nguruwe, ndizi za kukaanga, keki mbili.

“Dada Idalia,” akasema Nahodha Desmore, “hiyo ni yoti, si meli ya mizigo. Tutazama tungali gatini.”

“Mimi nilifikiria mikate yenye matango,” akasema Clorinda.

“Matango! Umerudi kwenu au umekuja kutembea?”

Matango yakashindwa, lakini safari haikushindwa. Akajaribu upepo. Akasimama ukingoni mwa baraza, akalamba kidole, akakiinua juu. “Mh! Upepo huu siupendi. Jumamosi patachafuka.”

“Jumamosi hata bata atasinzia,” akasema nahodha. “Nimesikiliza utabiri wa hewa asubuhi hii.”

Clorinda hakuwasikia. Alikuwa ameleta beseni la maji, akavaa miwani ya kuzamia iliyombana mpaka mdomo wa juu ukatokeza kama wa kasuku, akauma mrija, akatumbukiza uso. Beseni likatokota. Akaibuka anatweta, uso unameremeta kwa furaha. “Nimehesabu mpaka tisa! Haya, zamu yako.”

“Mimi na beseni wapi na wapi?” akasema Idalia. “Mpishi wa harusi humwambii achemshe yai.”

Jibu hilo lilimpendeza mwenyewe mpaka alipofika nyumbani. Alipofika nyumbani likaacha kumpendeza, kwa kuwa ilikuwa Jumatano, na Jumamosi haikuwa mbali.

Ndipo akakumbuka ndoto.

Carriacou mtu huweza kubishana na nahodha, na padri, na hata daktari. Ndoto haibishwi. Mzee wa ukoo aliyekufa akikujia usingizini akasema ana njaa, hapana mkutano hapana kura: watu wanainuka, wanachinja, wanapika, wanamtandikia meza kitambaa cheupe chumbani, wanamwekea sahani yake, wanafunga mlango ale kwanza. Shughuli yoyote iliyokuwa mbele inangoja. Na nani ataomba ushahidi? Aliyeota ni mmoja tu.

Alhamisi asubuhi Idalia akapanda kilima kwa mwendo wa mfiwa.

“Nini tena?” akauliza Clorinda, kikombe cha chai mkononi.

“Kaja Mjomba Cosnel.”

“Mjomba Cosnel yupi? Si alikufa mimi niko darasa la tatu?”

“Huyo huyo. Kaja kalowa mpaka hapa, kofia yake ya ubaharia kichwani. Kaniambia: ‘Idalia, mnakwenda kuvinjari baharini, na mimi niliyekula chumvi ya bahari hiyo maisha yangu yote sijapewa hata mfupa?’”

Clorinda, aliyezoea Huddersfield kunywa chai saa kumi kamili na kucheka imani za watu, akaweka kikombe chini. “Kataka nini?”

“Jogoo mweupe. Sima. Na ramu, lakini si hii ya chupa yenye picha. Ile kali.”

Wakapika. Ijumaa ikaisha kwa kupika, Jumamosi ikaisha kwa kumlisha marehemu na kisha kuwalisha majirani waliokuja kumwona marehemu akilishwa. Mlango ulipofunguliwa, ramu ilikuwa imepungua vidole viwili. Watu wakashusha pumzi. Aliyeshangaa kuliko wote ni Idalia, maana aliyeipunguza hakuwa yeye. Nahodha Desmore alikuwa anatazama dari.

Safari ikasogezwa Jumatano. Idalia akalala fofofo usiku wa siku mbili.

Jumatatu Clorinda akamwita. “Na mimi nimeota,” akasema.

“Wewe?”

“Kwani mimi si wa ukoo? Kaja Mjomba Cosnel. Kashiba, anachokonoa meno. Kasema Jumatano ni siku njema sana. Kasema tusichukue zaidi ya chungu kimoja cha pilau. Na kasema: Idalia atangulie majini.”

Idalia akamtazama. Miaka arobaini na mmoja hakuna marehemu hata mmoja aliyekanyaga Huddersfield, na leo huyu mmoja kaja na ratiba nzima! Aliijua ndoto ya kughushi kama seremala anavyojua mlango uliopachikwa na seremala mwenzake. Lakini angesemaje? Akiibisha ya Clorinda, na yake nayo itakuwa wazi kwa upepo.

“Kasema hivyo?” akauliza.

“Kakutaja kwa jina na ubini.”

“Mungu amzidishie,” akasema Idalia, akashuka kilima anasaga meno.

Alihitaji marehemu mwenye cheo kuliko Mjomba Cosnel, kwa kuwa Mjomba Cosnel kashahama upande. Akapita ukoo mzima kichwani, kaburi kwa kaburi, mpaka akamfikia Shangazi Eudora wa Brooklyn, kule Marekani, dada wa baba zao wote wawili, mwanamke ambaye hata Clorinda hakuthubutu kumkatisha maneno. Huyo alikuwa marehemu safi. Tena mpya.

Kuna jambo la kueleza hapa. Kisiwani kwetu jamaa wa ng'ambo hafi kwa simu wala kwa barua. Anakufa kwa pipa. Kila Desemba Shangazi Eudora alileta pipa la buluu: mchele, sabuni, mafuta, na viatu vilivyobana. Mwaka juzi pipa halikuja. Mwaka jana halikuja. Mwanamke wa miaka tisini, mapipa mawili hayakuja. Nani anahitaji daktari aje athibitishe? Idalia alilia kwa heshima, akamwashia mshumaa Siku ya Marehemu, akapeleka jina lake kanisani likasomwa pamoja na wengine. Hapo tena amwandikie nani kuuliza?

Jumanne mchana kikao cha mwisho kilikaa barazani. Barafu ilikuwa imeagizwa, miwani imepanguswa, Nahodha Desmore anakumbusha kwamba kwenye sakafu ya Evelina hapandi mtu na viatu. Idalia akaingia amejifunga kitambaa cheupe kichwani, akaketi bila kusalimu.

“Usiniambie,” akasema Clorinda.

“Ningenyamaza, mwenzangu, lakini nimeagizwa. Kaja Shangazi Eudora.”

“Shangazi Eudora? Wa Brooklyn?”

“Yeye hasa, apumzike kwa amani.”

Clorinda akamtazama nahodha. Nahodha akaitazama kofia yake kwa makini, kama ndiyo kwanza anaiona.

“Alikuwaje?” akauliza Clorinda taratibu.

Idalia akapata moyo. “Usiulize! Kakonda, Clorinda. Mifupa mitupu. Upepo ungempeperusha.”

Ndani ya nyumba kijiko kikagonga kikombe.

“Maskini. Na sauti?”

“Sauti ya kaburini. Hafifu, inatoka mbali. Kasema: ‘Mwanamke yeyote wa damu yangu asitie uso wake majini mwaka huu. Atakayetia, atanifuata.’ Kisha akalia.”

“Shangazi Eudora kalia?”

“Chozi moja. Kila jicho.”

“Na hukumuuliza habari ya pipa?”

“Maiti huulizwa habari ya pipa?”

“Huulizwa!” ikasema sauti ndani ya nyumba, na haikuwa hafifu, wala haikutoka mbali. “Na hujibu! Pipa niliacha kuleta kwa sababu miaka ishirini hujaniandikia hata neno la asante, mtoto wa kaka yangu Bertrand! Wino wako wote unakwenda Huddersfield!”

Pazia likafunguka, akatoka Shangazi Eudora, mfupi, mnene, duara kama shelisheli, amevaa nguo ya kuogelea ya manjano chini ya joho la kuogea, miwani ya kuzamia kaipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa amefika kwa feri ya asubuhi, zawadi ya siri ya siku ya kuzaliwa, na Clorinda alikuwa amemficha chumbani tangu saa nne ili kesho Idalia apate furaha ya ghafla.

Furaha hiyo sasa ilikuwa imemganda Idalia usoni.

“Shangazi,” akasema, “kumbe umepona!”

“Niligeuze hili tumbo uione hiyo mifupa mitupu? Miaka sitini nafunga nikonde, wewe umenikondesha usiku mmoja! Na jina langu limesomwa kanisani, nimeambiwa bandarini. Mchukua mizigo kaniona akadondosha begi langu, akapiga ishara ya msalaba.”

“Nilikuombea, Shangazi. Maombi ya wafu hayamdhuru aliye hai.”

“Asante. Sasa sikiliza. Mimi nilijifunza kuogelea nina miaka themanini na mmoja, kwenye bwawa la wazee kule Brooklyn, kila Alhamisi. Kesho tunaingia wote. Clorinda nitamshika mkono wa kushoto, na wewe wa kulia.”

Hapo Idalia angeweza kushukuru, akashikwa mkono kama watu wengine, jambo likaisha. Lakini Clorinda alikuwa anamtazama bado, na machoni mwake lile tabasamu la kuamini kila neno lilikuwa halijazimika lote. Idalia hakustahimili kuliona likizima.

“Mimi sihitaji kushikwa,” akasema, akainua kidevu. “Mshike Clorinda kwa mikono yote miwili. Mimi nitakuwa mbele naonyesha njia, kama kila Jumapili.”

“Vizuri,” akasema Shangazi Eudora. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yakagusana. “Basi niambie, mwogeleaji. Ukishajitosa, kichwa unakigeuzia upande upi kupumua?”

Clorinda akasogea karibu. Idalia akatazama huku, akatazama kule. Akafikiri sana, kama mtu anayejua majibu mengi na anachagua lililo bora.

“Inategemea,” akasema, “upepo unatoka wapi.”

Nahodha Desmore akainuka, akaomba radhi, akaenda kucheka uani.