Mmea Uliochoka Kukaa

Jumamosi asubuhi fundi miwani alikuwa akipangusa vumbi kwenye mmea wake wa sebuleni, ule wa majani marefu yanayosimama wima kama mapanga, yenye mabaka ya chatu, jani moja likamng’okea mkononi. Shinani lilikuwa limeoza, laini kama kiazi kilichopitiliza motoni.

“Mama, umeumwagilia maji tena?”

“Kidogo tu,” mama yake akajibu kutoka kitini. “Ulikuwa na kiu.”

Muuza maua alikwisha kuwaambia: mmea huu hautaki kubembelezwa. Udongo ukauke kabisa ndipo unyweshwe, upate mwanga, uachwe. Lakini kumwambia mama huyu aache kitu ni kumpigia mbuzi gitaa. Kila alipopita aliumiminia maji yaliyobaki kwenye glasi yake, akiuita mwanangu. Wanawe wawili wa kiume walikuwa wameoa, wakahamia nyumba za mtaa huo huo, na mapenzi yote yakawaangukia binti yake, huyu fundi miwani, na mmea.

Mchana huo mmea ukaanza kutembea. Mizizi ilitoka kwenye matundu ya chini ya chungu, mifupi na minene, ikashika sakafu, ikauvuta kuelekea mlangoni. Ulikwenda polepole, ukiacha mstari wa maji machafu. Fundi miwani akapiga deki, akaurudisha dirishani. Jioni akaukuta tena kizingitini. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliuruka, akasema wa kwake ni wa maua mekundu, hausumbui.

Binti mwenyewe wiki nzima alikuwa hatulii. Anainuka, anakaa, anafungua kabati, anasahau alichofuata. Tajiri wake amefungua duka mji mwingine na anamtaka yeye akalisimamie, kazi aliyoiota tangu aliponoa lenzi yake ya kwanza. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Alipomwambia mama, mama alisema, “Yangu macho,” kisha akaumwa kichwa siku nzima.

Jumapili mama akawaita wanawe wa kiume, kwa ajili ya mmea. Wakakaa kikao, chai ikamiminwa, na mmea huko mlangoni ukigonga kwa majani.

Kaka mkubwa, fundi wa mafriji, aliusikiliza, akakohoa. “Huu umeshaamua. Mapenzi hayalazimishwi, mama. Tukiung’ang’ania utatufia humu ndani, iwe lawama bure.”

“Tembea ujionee,” kaka wa pili akaunga mkono.

Mama akalia kidogo, akakubali. Kaka mkubwa akayafuta majani kwa leso yake mwenyewe. Kaka wa pili akaubeba ngazi zote mpaka chini, usije ukaumia. Mama akachungulia dirishani, akauambia, “Nenda salama, mwanangu. Usitusahau.”

Fundi miwani akashikwa na wivu. Ulikuwa wivu wa kuuonea mmea, na wala hakuuonea haya. Kaka wa pili alipopanda tena, binti akasema, “Na mimi nataka kwenda. Tajiri anangoja jibu kesho.”

Hapo ndipo mtu aliposhangaa ndani ya nyumba ile, kwa mara ya kwanza tangu jana.

“Wewe? Uende wapi?” kaka mkubwa akauliza. “Mama abaki na nani?”

“Na nyinyi. Si mko mtaa huu huu?”

“Sisi tuna familia, dada. Hebu kuwa na utu.”

Mama alishika kichwa.

Huko chini mmea ulifika kwenye kona, ukasubiri lori lipite, ukavuka. Majani yalikuwa yameanza kukakamaa na kurudiwa na rangi. Fundi miwani akautazama hadi ukapotea. Kisha akaingia jikoni, akampigia tajiri simu, akamwambia atafute mtu mwingine.

Aliporudi sebuleni kaka zake walikuwa wanavaa viatu waondoke.

“Kesho ukitoka kazini ununue mwingine,” mama akamwambia. “Ila safari hii uchague uliotulia.”

“Haya, mama,” akasema.