Neno Lililokatika Njiani

Alima hakuwa mtu wa kunyoosha mkono mikutanoni. Ndiyo maana wenzake walitazamana siku ile Catarina, msichana wa chuo kutoka mji wa Pemba, si kile kisiwa cha karafuu, alipowakusanya wanawake barazani kwa mwenyekiti akauliza nani atajitolea kuuangalia mwamba kila bamvua, maji yakipwa kabisa, aseme kuna wanyama gani na bahari ina hali gani. Ulikuwa mwaka ule gesi imeonekana, meli za kuchimba zimesimama mbele ya mji wa Palma, na kila mgeni ana mkutano wake. Malipo hakuna, Catarina alisema mapema. Nusu ya wanawake wakakumbuka vyungu vyao jikoni. Alima akanyoosha mkono.

Nitawaambia mimi kwa nini, maana yeye mwenyewe hasemi. Mumewe, Nuro, alikuwa ameajiriwa Pemba kwenye boti inayopeleka vyakula na mabomba kwenye zile meli. Ukisimama kwenye ncha ya mwamba maji yakipwa, unaziona boti zikipita, ndogo, huko mbali. Sasa mwanamke anayelala peke yake tangu Ramadhani, mwambie kuna kazi ya kusimama palepale na kutazama baharini. Atakataaje, jamani?

Kila kiumbe kilipewa mtu wake. Bi Zuleica, jirani yake Alima, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, alipewa chaza na kaa. Alima akapewa ndege. Wakimaliza huketi juu ya jiwe kavu, kila mmoja anataja na Catarina anaandika. Naye alikuwa na sharti lake: "Msiniambie mlichokiona tu. Mlichokitarajia msikione, nacho mkitaje." Basi ungesikia: chaza wapo, wanene, kulastara yupo, maji yana tope, kasa hakuonekana.

"Huyu naye anahesabu ndege gani," Bi Zuleica angesema, "wakati macho yake yako kwenye boti?"

Alima angecheka, lakini hakukataa.

Simu ya Nuro ilikuwa imeanguka baharini, kwa hiyo salamu zao zilipita kwa Raimundo, dereva wa lori la samaki wakavu liendalo Pemba. Raimundo ni mtu wa bara, wa Mueda, mwema, hana neno. Kiswahili chake alikiokota barabarani, na kingine kilimwanguka barabarani hukohuko. Siku ile alipotoka mkutanoni, Alima alimkimbilia akitweta kwa furaha. "Mwambie Nuro nimejitolea! Mwambie kila bamvua niko mwambani, namtazama."

Raimundo alirudi na jibu. "Kasema, nimesikia."

"Basi?"

"Basi. Nimesikia."

Loo! Hilo ni jibu la mume kwa mkewe? Hilo unamjibu karani. Na baada yake kimya, si sabuni, si kanga, Idi ikaja ikapita bila hata salamu. Alima alikasirika kwanza. Akaapa hatamtaja. Kisha hasira ikamwisha, ikabaki hamu tupu, hamu ya kumsikia akikohoa uani, hamu hata ya lile shati lake linalonuka dizeli ambalo zamani alikuwa akilishika kwa vidole viwili. Kila bamvua alikwenda mwambani, akahesabu ndege, akazitazama boti, akarudi na moyo uleule.

Ikawa siku moja, miezi imekwenda, Catarina anawaaga pwani mpaka bamvua nyingine. Kasimama kwa heshima zote akasema, "Asanteni nyote mliojitoa."

Wanawake wakaangua kicheko, wengine wakashikana wasianguke.

"Dada wee!" Bi Zuleica alifuta machozi. "Waliojitoa ni wale waliokimbilia vyungu vyao! Sisi tumejitolea."

"Si ni neno lilelile?"

"Lilelile! Mke akijitoa, hana mume tena huyo, ameondoka zake!"

Raimundo alikuwa hapo karibu akipakia samaki. Yeye peke yake hakucheka. Aliweka gunia chini, akamwita Alima kando ya lori.

"Dada Alima, mimi kwa Nuro nilisema lipi?"

"Lipi la nini?"

"Nafikiri nilisema umejitoa."

"Na la mwambani? Hukumwambia niko mwambani?"

"Hilo niliacha. Niliona si kubwa. Nuro aliketi chini, pale gatini. Akaniuliza, kasema mwenyewe? Nikamwambia ndiyo, kwa mdomo wake, tena anacheka. Ndipo akasema, mwambie nimesikia."

Alima alifungua mlango wa lori. "Nipeleke Pemba. Sasa hivi, na miguu hii yenye mchanga."

Raimundo hakuondoka. "Hayupo, dada. Kuna meli ilikuwa inakwenda nchi za mbali, wakatafuta mabaharia. Wenye wake walikataa. Nuro akanyoosha mkono. Alijitolea."

Safari hii alilitamka lote.

Alima aliketi juu ya gunia la samaki. "Namtaka mume wangu," alisema. "Sikujitoa mimi. Namtaka mume wangu." Raimundo aliapa atamwambia kila baharia atakayetia mguu Pemba, mpaka neno limfikie. Alima akamwambia aseme. Amejitolea. Tena. Amejitolea. Akamrudisha mwanzo mara nyingi, kama mwalimu wa madrasa na mtoto mgumu wa kushika, mpaka sauti ikamkauka yeye mwenyewe.

Bamvua iliyofuata wanawake walidhani hatakuja. Alikuja, tena mapema. Wakaketi juu ya jiwe kavu, Bi Zuleica akataja chaza wake na kaa wake, zamu ikafika.

"Kulastara wapo," Alima alisema. "Yangeyange wapo."

"Na usichokiona?"

"Nuro sikumwona."

Catarina, ambaye hakuwahi kulisikia jina hilo, aliinua kalamu. "Nuro ni ndege gani?"

Hakuna aliyecheka. Bi Zuleica, na ulimi wake wote ule, alimshika Alima goti. "Ni wa kuhama, mwanangu," alimwambia Catarina. "Lakini ni wa hapahapa. Andika hivyo."

Catarina akaandika. Kisha akauliza, kwa kuwa kila kiumbe kilikuwa na mtu wake, "Nani atamwangalia huyo?"

Alima akanyoosha mkono.